Viwavi kwa Mwanyumba

Jumatatu, tarehe 3
Mama mkwe, mwenyekiti wa bustani ya mtaa, ametangaza: tuta litakalovuta nyuki na vipepeo wengi, mwenye tuta hilo atakuwa msimamizi na kukabidhiwa ufunguo wa geti. Ufunguo huo ni wangu! Mimi ndiye niliyemwoa binti mkubwa. Lakini alipokuwa akisema alimtazama mwanyumba wangu, fundi saa, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Akatabasamu. Mimi hajanitabasamia tangu harusi.

Alhamisi, tarehe 6
Mwanyumba kapanda magugu yaliyokwisha kuchanua. Eti mimea ya asili, nyuki wa hapa wanaijua. Mimi nimepanda waridi ya dukani, maua makubwa kama sahani. Mama mkwe kauliza kama nayo ni ya asili. Nimemwambia ndiyo, asili yake dukani. Hakucheka. Mke wangu alicheka, ila alikuwa ananicheka mimi.

Jumapili, tarehe 9
Kwake nyuki wanapigana vikumbo. Kwangu nzi mmoja, naye alikuwa mpita njia. Sina wivu. Roho inaniuma tu. Mke kasema nimwombe mwanyumba miche. Bora nife!

Jumatatu, tarehe 10
Akili ni mali! Nyuma ya ofisi kuna magugu yale yale, yamejaa viwavi, wanene, walafi. Nimejaza kopo zima. Jioni nimewamwaga kwa mwanyumba wammalizie kila jani. Kwangu nikapuliza dawa ya wadudu, wasije wakavuka.

Ijumaa, tarehe 14
Majani yake matundu matupu! Nimempa pole kwa sauti ya msibani. Akasema waache wale, nao wana haki yao. Kachanganyikiwa, maskini. Nimelala usingizi wa pono.

Jumamosi, tarehe 29
Vipepeo! Kundi zima, rangi ya chungwa, kutoka kwenye tuta lake. Mmoja kamtulia mama mkwe puani, akacheka kama msichana. Kumbe kiwavi ndiye kipepeo! Mbona sikuambiwa? Ufunguo kapewa fundi saa. Tena akanikumbatia mbele ya watu, akaomba tusaidiane kazi. Mimi, chini yake? Nimekataa. Nina uchungu hadi kwenye meno.

Jumapili, tarehe 30
Sasa nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kushambulia majani. Adui hupigwa mizizini. Nimechimba nyungunyungu, minyoo wa udongoni, ndoo nzima, wanene ajabu. Nimewafukia wote kwenye udongo wa mwanyumba. Nilipokuwa nawapeleka alichungulia ndoo, macho yakamng'aa kwa furaha. Hajui kinachomjia!