Jumamosi za Vidole Kumi

Jumanne, 14 Januari

Baridi ya kupasua masikio. Mji mzima wa Duluth, huku kaskazini mwa Marekani, umejifungia ndani. Siku nzuri kabisa kwa mahali pa michezo ya ndani! Wamekuja watoto wanne. Mmoja alikuwa anatafuta daktari wa meno, mlango wa pili. Aliondoka kwangu kwa furaha.

Naandika ili ikumbukwe: Vidole Kumi ni wazo langu mimi, Arvid. Duka la zamani la mazulia nimeligeuza kuwa mahali pa watoto wadogo kuchezea na kujifunza kwa mikono, bila skrini hata moja. Meza ya maji. Meza ya maharagwe. Ukuta wa komeo na bawaba. Wazazi huacha buti kwenye trei na simu kwenye kikapu mlangoni. Nilifungua kwa ajili ya binti yangu Tove, mwenye miaka minne. Tangu niachane na mama yake, Linnea, Jumamosi ni yangu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Masaa saba kwa wiki. Sina mengine.

Linnea kapiga simu. Anasema Tove analia kila Jumamosi akivalishwa koti. Eti kwa Baba kunachosha. Kwa Baba! Kwenye meza ya maharagwe! Kasema, bila ukali, kwamba mambo yakiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi, itabidi nimchukue mara moja kwa mwezi tu. Nikamwambia tatizo nalijua. Tatizo ni Marlys.

Jumatano, 15 Januari

Marlys Oftedal ni mwalimu mstaafu wa chekechea. Kafungua pa kuchezea katika ukumbi wa chini wa kanisa, hatua mia mbili kutoka kwangu. Bure! Na hana kitu. Maboksi, sufuria kuukuu, vijiko vya mbao, ndoo tupu za aiskrimu. Takataka tupu. Watoto wanapita mbele ya dirisha langu wakikimbilia huko, wamevalishwa makoti mpaka mikono haishuki. Mama huyu amenitilia kitumbua mchanga.

Juzi kaniletea bakuli la nyama ya kusaga iliyookwa na viazi. Kasema amesikia nakula peke yangu. Dharau ya wazi! Nimekula yote, nikakwangua na pembe.

Leo mtoto kachanganya maharagwe mekundu na meupe. Kibao kiko pale pale juu ya meza, herufi kubwa: GUSA KILA KITU. Chini yake kuna masharti kumi na moja, na la nne ni kutochanganya maharagwe. Nikamweleza kwa upole. Ana miaka miwili. Alinisikiliza vizuri, kisha akaingiza haragwe puani. Mama yake akasema wanaondoka. Nimechambua maharagwe kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Moja limepungua.

Alhamisi, 16 Januari

Mpango: kupeleleza. Nikavaa kofia ya kufunika masikio, nikashuka ngazi za kanisa kama mtu mwenye shughuli zake. Mlangoni kaketi mzee mmoja, Gunnar, kazi yake kupanga buti. Nilishavua zangu aliponiuliza mtoto yuko wapi. Nikasema nimekuja kukagua mabomba.

Akaniambia, "Mabomba ya hapa nayakagua mimi, kijana wangu, tangu hujazaliwa." Halafu akanisomea sharti: mtu mzima haingii bila mtoto. Sharti zuri. Hata mimi ninalo, ni la pili. Nikanyakua buti nikatoka mbio.

Kufika kwangu, vidole vinawaka moto. Si buti zangu! Nyeusi kama zangu, kama za kila mtu mji huu, lakini ndogo namba mbili. Ndani kumeandikwa jina la mchungaji. Mwenyewe alikuja baadaye, akiburuza buti zangu kwenye theluji. Alicheka, akanishika bega. Akasema, "Siku nyingine uje na binti yako, Bwana Arvid, tutafurahi." Niliona haya mpaka jasho likanitoka, katika baridi hii.

Ijumaa, 17 Januari

Nimepata! Mtu mzima haingii bila mtoto. Mimi mtoto ninaye! Kila Jumamosi! Tove ndiye tiketi yangu. Nitakwenda na simu mbili. Moja ya kikapuni, maana nao wana kikapu cha simu mlangoni, moja ya ndani ya soksi, kwa ajili ya picha.

Jumamosi, 18 Januari

Tove alilia akivalishwa koti. Linnea alinitazama tu. Nilipomwambia mtoto tunakwenda kwa Mwalimu Marlys alinyamaza, akaniuliza kama ni kweli, mara tatu.

Simu ya kwanza kikapuni. Kule ukishaingia, sharti la wakubwa ni moja tu: kukaa chini na mtoto wako. Nikalalamika magoti. Marlys akasema, "Pole, baba. Basi kaa juu ya ndoo." Nikashukuru, nikabaki nimesimama. Aliyekaa hawezi kupeleleza.

Tove alichagua boksi la friji. Marlys akamkatia tundu upande wa chini. Tove akatangaza kwamba ni kibanda cha kuvulia samaki, kama vile vya kwenye barafu ya ziwa, ambamo watu huketi na kuvua kupitia tundu. Uzi kwenye kijiko cha mbao. Samaki ni soksi za watoto wenzake. Akaingiza ndoo mbili za aiskrimu, akakalia moja, akaipigapiga ya pili kwa kiganja. "Baba, njoo ukae. Usiongee lakini, samaki watakimbia."

Nikasema nakuja. Nilikuwa napima. Upana, urefu, tundu. Akaniita tena. Nikasema dakika moja, mama. Nikachuchumaa nyuma ya boksi ili nipige picha, na hapo soksi yangu ikaanza kuita.

Linnea! Anataka kujua mtoto anaendeleaje. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Marlys alikuja na kikapu, akakiinamisha mbele yangu, akangoja. Nikavua soksi mbele ya mchungaji.

Nilipogeuka, ndoo ya pili alikuwa ameikalia Gunnar. Magoti yamemfika kidevuni, kijiko mkononi, kanyamaza kabisa. Yeye na Tove walivua soksi saba. Nilisikia kitu kifuani, kama njaa. Nikaandika vipimo kwenye kiganja.

Njiani Tove aliimba. Kasema Gunnar anajua kunyamaza vizuri. Marlys kampa zile ndoo mbili, moja ndani ya nyingine, na kazipakata garini mpaka kwa mama yake. Hakulia hata kidogo! Nimeelewa sasa. Siri yao yote ni kibanda.

Jumatano, 22 Januari

Kibanda kinasimama! Na si boksi. Plaiwudi, nimeipiga msasa mara tatu. Mlango wenye bawaba. Dirisha. Tundu la duara lenye ukingo wa zulia. Samaki kumi na wawili wa sufu, kila mmoja na namba yake. Masharti sita tu. Ndani kiti kimoja, nimekipigilia misumari katikati kisisogee. Wiki hii wamekuja watoto watatu. Nimewazuia wasikiguse, rangi haijakauka.

Linnea kapiga simu. Kasema, "Baba Tove, wewe kaa naye tu. Hataki kitu kingine." Nikamkumbusha kwamba nakaa naye masaa saba mazima chini ya paa moja. Akashusha pumzi, akaaga. Hajawahi kuelewa mambo ya kazi.

Jumamosi, 25 Januari

Tove alilia kidogo tu akivalishwa koti. Alikuja na zile ndoo zake mbili. Nikazipokea mlangoni, nikaziweka stoo. Hapa hatuchanganyi takataka na vifaa. Akazifuata kwa macho mpaka mlango wa stoo ukafungwa.

Nikamziba macho, nikamwongoza, nikamfungulia. Akakitazama kibanda. Akasema, "Kizuri, Baba." Sikuwa na furaha kama ile tangu nifungue! Akaingia, akakaa. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akauliza, "Na wewe utakaa wapi?" Nikamwambia Baba atasimama nje, dirishani, ahakikishe kila samaki anarudi kwenye namba yake.

Akavua namba nne. Akamrudisha. Akasema amemaliza.

Dakika sita. Muda uliobaki alikaa kando ya trei ya buti, koti limefungwa hadi kidevuni, akingoja saa kumi. Nilimwonyesha maharagwe, yamechambuliwa vizuri kabisa. Akasema asante, kama mgeni. Niliumia, naandika wazi, niliumia sana. Sikujua mikono niifanyie nini, nikachukua ufagio. Nilifagia kumzunguka mpaka mama yake akaja.

Jumapili, 26 Januari

Leo tumefunga. Linnea kapiga simu. Mara moja kwa mwezi, kuanzia Februari. Aliyelia safari hii ni yeye. Kasema Tove kauliza swali moja tu tangu jana: Baba alizipeleka wapi ndoo.

Nimekaa ndani ya kibanda, magoti nje ya mlango, nikitafuta kosa liko wapi. Ni kimya humu. Inasikika friji ya daktari wa meno kupitia ukuta. Karibu niage dunia kwa huzuni, na mara nikaliona. Kibanda ni kidogo! Lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote!

Nina karibu mwezi mzima. Nitakibomoa, nijenge kingine mara mbili yake. Samaki ishirini na wanne. Taa ya darini. Madirisha mawili, nimwangalie pande zote. Nimefikiria kuongeza kiti cha pili, lakini kitakula nafasi ya samaki. Ndoo za Tove nimezitoa stoo. Moja nitachanganyia rangi, nyingine itabeba misumari.