Nafasi ya Micheline Kule Gisenyi

Jumamosi, tarehe 7 mwezi wa tisa

Bibi yangu Micheline, mama ya mutoto wangu, alikufa jana saa nane ya muchana. Tumbo. Daktari alitaja jina ya ugonjwa kwa Kifaransa, sikuuliza mara ya pili. Miaka makumi tatu na munane.

Jumatatu angeanza iniversite kule Gisenyi, ngambo ya bariere ya mupaka. Kwa Kingereza, yeye aliyesoma Kifaransa tu. Miezi sita alirudilia maneno mbele ya sufuria. Nilimucheka. Sasa naandika katika kaye yake mupya, ile alinunua ya masomo. Mistari mizuri.

Jumapili, tarehe 8

Tumezika. Shemeji Grégoire, kaka ya Micheline, alitoka Himbi, kule kwa watajiri, na jeep yake. Viatu vyeupe. Alitembea makaburini kama kuku kwenye matope.

Kurudi, alisema mbele ya kilio nzima: Papa Umwiza, wewe unaponda mawe, masomo uliachia ku sita primere, nani ataangalia masomo ya mutoto? Jumamosi tunamaliza kilio, familia itakaa, Umwiza ataenda kwangu. Mama mukwe akaitika na kichwa.

Umwiza ni binti yangu. Miaka kumi. Niko naye mumoja tu.

Nilisimama. Nikasema mutoto haendi fasi yoyote, juu mimi mwenyewe kesho naanza iniversite. Mutu akacheka kule nyuma. Harelimana. Tunaponda mawe pamoja, hata kwenye kilio hawezi kujizuia.

Grégoire akasema sawa, jumamosi nionyeshe karte ya mwanafunzi, mutoto atabaki. Alisema akitabasamu, lakini alisema. Mashahidi wapo.

Akili yangu ni hii. Ku kazi ya serikali, mutu akikufa, familia inatuma mwingine, anachukua nafasi yake. Jirani Ruffin yuko ku bureau ya serikali leo juu ya mujomba wake alikufa, na Ruffin hata jina yake anaandika kwa shida. Micheline alikuwa na nafasi. Bwana yake ni mimi. Basi.

Jumatatu, tarehe 9

Ruffin alinipa mashauri. Kule wanataka Kingereza. Ukifungua mudomo kwa Kinyarwanda, watakuona mutu wa soko. Usipoelewa, sema yesi, cheka kidogo. Kinyarwanda ni luga ya mama yangu. Nimeiacha ku bariere.

Nilivaa shati ya ndoa. Viatu vya ndoa vilibaki chini ya lava mwaka ule wa volkano, basi nilivaa boti za kazi.

Ku bureau ya iniversite kulikuwa musichana, anaweza kuwa mutoto wangu. Niliweka mezani barua ya Micheline na karatasi ya kifo. Nikajigonga kifua: mimi. Alisoma. Macho yakajaa maji. Akauliza kitu kirefu. Yesi. Akaangalia mikono yangu, akauliza tena. Yesi. Akaangalia boti. Akapiga simu.

Alikuja mwanaume wa kofia ya njano. Akanishika mukono kwa nguvu. Nilijua mara moja: profesa.

Alinipeleka nyuma ya majengo. Kuna ukuta wanajenga. Akanipa kofia na nyundo kubwa. Nilielewa: umuganda. Rwanda kila mutu anatoa kazi ya mikono kwanza. Najua umuganda ni jumamosi ya mwisho wa mwezi. Labda ya wanafunzi ni jumatatu.

Niliponda mpaka wengine wakasimama kuniangalia. Kama ni mutihani, nimepita.

Jumanne, tarehe 10

Mawe tena. Wanafunzi wenzangu ni wababa na wamama wakubwa. Ilinituliza moyo, nilifikiri nitakuwa muzee peke yangu. Kuna vijana ndani ya darasa, wanaandika. Nafikiri wao walimaliza mawe mwaka jana.

Mumoja, Janvier, aliambia wenzake kwa Kinyarwanda: huyu Mukongomani ni kiziwi ao mwendawazimu, lakini anapiga kama watu watatu. Sikugeuka. Nikasema yesi. Walicheka mpaka mumoja akakaa chini.

Umwiza aliniuliza nimesoma nini. Nikasema mambo ya mawe. Akachukua karatasi za mama yake, akanifundisha kuhesabu kwa Kingereza. Nilishika mpaka ine. Halafu akasema, Papa, hata nikienda Himbi nitakuwa nakuya siku ya Mungu. Nikamwambia hauendi. Nilisema kwa ukali. Hakufanya kosa, maskini.

Alhamisi, tarehe 12

Walinipiga picha asubuhi. Saa sita karte ikatoka. Plastiki. Sura yangu, jina yangu Nsengimana, muhuri, na kamba ya shingo.

Nilivaa mpaka nyumbani. Harelimana alitaka kuigusa. Nilimwambia anawe mikono kwanza.

Nilionyesha Umwiza kwa mbali. Alitaka kusoma. Nikasema jumamosi, na wengine.

Jumamosi, tarehe 14

Familia ilikaa. Nilingoja Grégoire aulize mwenyewe. Nikaweka karte mezani, nikakunja mikono.

Alivaa miwani. Yeye anafanya kazi na wazungu, Kingereza anakijua. Alisoma polepole. Hakucheka. Heri angecheka. Alisema kwa sauti ya chini, ili mama yake asikie na watu wa nje wasisikie: Papa Umwiza, hapa wameandika mufanyakazi wa chantier, wa kujenga. Muponda mawe. Mpaka mwezi wa kumi na mbili.

Nikasema soma tena. Akasoma tena.

Harelimana aliuliza kutoka mulangoni kama wanatafuta wengine.

Mama mukwe akasema, lakini alivuka kila siku, huyu mutu. Alivuka kweli. Nilifikiri ananitetea. Halafu akamwambia Umwiza akusanye nguo.

Alikusanya. Hakulia. Kwenye jeep alikaa nyuma, katikati ya mama mukwe na bibi ya Grégoire, sikuona vizuri uso. Nilipunga mukono upande usiofaa.

Jumapili, tarehe 15

Nilipika bugali ya watu wawili bila kufikiri. Harelimana alikuja akala nusu. Hakutia muzaha hata mumoja. Sijawahi kumuona hivyo, iliniogopesha.

Nimefikiri siku nzima. Grégoire anajua Kingereza cha ofisi, cha iniversite hakijui. Walinipokea, walinipiga picha, walinipa karte. Mutu anayelala hospitali ni wa hospitali. Mutu anayeingia iniversite kila asubuhi ni wa nani? Nikimaliza ukuta huu watanipa mwingine. Miaka tatu hivi, nani atanikatalia diplome? Hapo nitaenda Himbi kuchukua mutoto wangu.

Profesa alisema tufike saa moja kamili. Kesho narudi ku kazi.