Mabalozi Wangu wa Picha za Pasipoti

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kateka sayari yangu nyingine kwenye mchezo wetu wa mtandaoni. Wakati nasukutua mdomo! Natoka bafuni, namkuta kwenye kiti changu, miwani yake myeusi usoni, simu mkononi, anacheka peke yake. Huyu ni kaka wa mke wangu. Alikuja kututembelea kwa wiki moja. Wiki hiyo imeota mizizi.

Mchezo wenyewe ni wa himaya za angani. Unajenga meli, unateka sayari, unapeleka mabalozi. Jana, kwa kiherehere changu, nilitamka mbele ya mke wangu kwamba atakayeshindwa ahame nyumba hii. Shemeji akakubali haraka mno. Mke wangu akaniuliza kama nimefikiria nyumba ni ya nani. Nimefikiria leo.

Kwa meli simwezi. Nitamzidi kwa diplomasia! Pembeni kabisa ya ramani kuna himaya isiyo na jina. Haipigani, haifanyi biashara, haijawahi kumjibu mtu. Wachezaji wote wanaikwepa. Mimi nawaita Wapole. Kesho nawapelekea balozi.

Jumanne, 4 Machi

Mchezo unataka sura ya balozi. Wengine huchagua vikatuni. Ovyo! Mimi nafanya kazi studio ya picha, sura ninazo tele. Nimepeleka picha ya pasipoti ya kinyozi wa mlango wa pili, ile iliyobaki kwenye droo. Sikumwomba ruhusa. Balozi haombwi, anateuliwa.

Wapole wamejibu! Neno lao la kwanza tangu mchezo uanze: masikio yaonekane.

Nikaganda kwenye kiti. Kisha nikafurahi. Watu wa utaratibu, kama mimi. Nikampunguza kinyozi nywele za pembeni kwenye kompyuta, nikatuma tena. Wakampokea. Meli zao zikaja kusimama mpakani mwangu, zote zimezima taa. Jioni Shemeji hakucheka hata kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Jambo la ajabu. Mke wa kinyozi aliingia studio akaniuliza yule mwanamume aliye dukani kwa mumewe ni nani. Nikamwambia ni mumewe. Akachungulia kupitia kioo, akakaa pale muda mrefu, akasema hapana, mume wangu si nitamjua tu. Kinyozi alikuwa amesimama katikati ya duka na mashine mkononi. Mashine inanguruma hewani, machozi yanamtoka.

Nikafungua droo nitazame picha yake. Kitambaa cheupe cha nyuma, kipo. Shati lipo. Kola ipo. Juu ya kola, kitambaa cheupe.

Printa hii ina matatizo ya wino tangu zamani. Nimetuma picha ya mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, awe balozi wa pili.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempita mwalimu mstaafu amesimama nje ya geti lake. Mbwa wake anambwekea. Binti yake akamwambia kwa adabu kwamba baba hayupo, apite tena baadaye. Mzee akaniangalia mimi. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Naandika wazi: niliogopa. Nikawaonea huruma wote wawili, yeye na kinyozi. Nikawaandikia Wapole warudishe mabalozi wangu. Wakajibu kwamba balozi mmoja hurudishwa kwa balozi mwingine, sura kwa sura.

Nikawaza nimpeleke nani badala yao. Ndipo akili ikanifunguka! Nikimpeleka Shemeji, mke wangu ataona mgeni kakaa sebuleni. Atamtimua mwenyewe. Lawama kwangu hakuna. Hao wazee wawili wavumilie kidogo, diplomasia haitaki papara.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya hasara. Picha zote za Shemeji ana miwani. Nimetuma moja, Wapole wakajibu: miwani ivuliwe. Nikamwalika Shemeji studio, picha ya bure kabisa. Akasema mwanga unamuumiza macho. Nikafagia sebule kwa nguvu ili vumbi limwingie, aivue apanguse. Nikapiga chafya mimi, hadi mke wangu akaniletea maji akaniuliza nimepatwa na nini, mume wangu, mbona siku hizi huna raha. Aliushika mkono wangu. Ningemwambia, lakini Shemeji alikuwa anasikiliza.

Nikarudi studio, nikaifuta miwani kwenye kompyuta, nikambandika Shemeji macho ya kinyozi. Kazi safi! Mama yake mzazi asingegundua.

Wapole wakajibu papo hapo: huyu tunaye tayari.

Nilizima kompyuta kwa kuchomoa waya.

Jumamosi, 8 Machi

Nimewasha tena. Barua ilikuwa inanisubiri. Wapole wanaitisha mkutano wa amani. Wamechoshwa na mabalozi, wanamtaka mtawala mwenyewe. Akija, meli zao zote ni zake.

Hatimaye mtu ametambua cheo changu! Nikajikalisha kwenye kigoda cha wateja, kitambaa cheupe nyuma, masikio nje, nikajipiga picha. Nikaziba upara kidogo. Mtawala lazima apendeze. Nikatuma.

Meli zilizozima taa zikaifunika himaya yote ya Shemeji. Hakuna mlio, hakuna moto. Sayari zake zikawa zinapotea tu, moja baada ya nyingine. Nimeshinda! Nakimbia nyumbani nikamwone anavyofungasha.

Jumapili, 9 Machi

Naandikia hapa studio. Nimelala juu ya kile kitambaa cheupe.

Jana mke wangu alifungua mlango, akaniita kaka, akaniuliza namtafuta nani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema mume wake bado yuko kazini, kachelewa, na kama nimetoka upande wa studio, je, nimemwona? Nikamtajia jina analoniita tukiwa wawili. Akarudi nyuma hatua moja, akashika kitasa.

Shemeji akaja mlangoni na begi lake tayari. Alivua miwani ili anitazame vizuri. Macho ya kawaida kabisa! Akasema hanijui. Akamwambia dada yake kwamba yeye ameshindwa kihalali, anasubiri tu shemeji yake arudi amuage ndipo aondoke. Mke wangu alikuwa anaangalia barabara juu ya bega langu, anamtafuta mtu. Nimekaa naye miaka yote, sijawahi kuona ananisubiri hivyo.

Nililia njia nzima. Lakini nimeshatuliza akili, na mkakati ninao. Sura kwa sura, walisema wenyewe. Nawapa mke wangu, wananirudisha mimi. Halafu nampata Shemeji bila miwani, nambadilisha na mke wangu. Nani atakayenizidi?

Picha ya mke wangu ninayo hapa mezani. Kitambaa cheupe, masikio yote mawili. Kasoro moja tu, anatabasamu. Nitaliondoa hilo tabasamu kabla ya kutuma.