Pikipiki Inasema Tik

Alhamisi, 3 Oktoba

Siku nne kabla ya puja, ibada ya kubariki vyombo vya kazi. Nimepaka pikipiki rangi ya fedha. Fremu nzima, koti mbili za rangi, kwa mkono wangu mwenyewe. Nusu kopo imebaki. Hapa mjini Rasipuram kila mtu hupaka vitu vyake kabla ya puja, lakini ni kupaka kwa juu juu. Mimi si mtu wa juu juu. Nimetoa betri, nimefungua kila waya, nimepaka hadi pale boliti zinapokaa, nikarudisha kila kitu na kukaza. Pikipiki ina miaka kumi na sita. Sasa inaonekana ina miwili. Mke wangu Thenmozhi kasema imekuwa kama sufuria ya harusi. Nimeichukulia kuwa sifa.

Jana Sadaiyan fundi aliifanyia sevisi. Kwa hiyo ndani safi, nje safi. Mwaka huu, siku ya puja, nitayakanyaga malimau yangu ya baraka kwa magurudumu mbele ya mtaa wote!

Ijumaa, 4 Oktoba

Aibu. Wateja sita wamesimama mlangoni pa mashine yangu ya kusaga na ndoo zao za mchele wa idli, vile vikate vya mvuke. Nimepanda, nimebonyeza kitufe. Tik. Tena. Tik. Taa inawaka, honi inalia, starta inasema tik kama mjusi ukutani. Kiki ya kuwashia kwa mguu haipo. Ilivunjika mwaka 2011, nikasema ya nini, kuna kitufe.

Bibi mmoja kaniuliza kama nimenunua saa.

Ikisukumwa inawaka. Ikizimwa, tik. Nimeisukuma mara nne leo. Goti linauma.

Nimepiga hesabu. Miaka kumi na sita bila tik. Jumatano Sadaiyan kaigusa. Ijumaa, tik. Katikati hapo hakuna mtu mwingine aliyeigusa!

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimepima kwa mita. Betri ikiwa imetulia, volti 12.6. Nikibonyeza kitufe, 12.4. Betri haishuki, haina lawama. Basi ni starta. Starta yangu haijawahi kusumbua, kwa hiyo hii si yangu. Sadaiyan kaibadilisha!

Nimekwenda kibanda cha chai nikasema hivyo kwa sauti. Wanaume kumi na moja walikuwapo. Sadaiyan alikuwa wa kumi na mbili, sikumwona, alikuwa nyuma ya nguzo. Akaweka glasi chini. Akasema taratibu, kaka Chinnappan, ilete gereji tuitazame pamoja. Nikamjibu kwamba mwizi harudishiwi funguo. Muuza chai akadakia, he, Sadaiyan, kumbe una duka la starta na hutuambii! Wakacheka. Sadaiyan akaondoka, chai nusu.

Miaka ishirini na miwili tunafahamiana. Nilipoanza kusaga nilikuwa na mashine moja na mota iliyoungua. Ni yeye aliyeisuka upya, siku tatu, hakutaka hata paisa. Hilo nimelikumbuka nikiwa nimeshafika nyumbani. Inakera kukumbuka mambo kwa kuchelewa.

Jumapili, 6 Oktoba

Kabla ya puja gereji zote hujaa. Nimepita kwa Sadaiyan kwa bahati mbaya, mara tatu. Jana asubuhi kulikuwa na pikipiki tisa mlangoni. Leo mbili. Nyingine zimehamia kwa fundi wa karibu na kituo cha mabasi, ambaye hajui hata kubadilisha plagi.

Thenmozhi kaniuliza kama nina hakika. Nimemwambia namba hazisemi uongo. Kasema namba hapana, wewe ndiyo.

Nimenunua rilei mpya, ile swichi ya starta. Tik. Fyuzi mpya. Tik. Betri nimeiazima kwa jirani. Tik. Sasa kila kitu ni kipya isipokuwa tik.

Jumatatu, 7 Oktoba

Puja. Asubuhi Thenmozhi kaosha vyombo vyote vya kazi na kuvipanga mbele ya picha ya mungu mama: mawe ya kusagia, mizani, spana zangu, bisibisi, mita. Kila kimoja na unga wa msandali na doa jekundu. Haviguswi mpaka kesho. Leo vinapumzika, hata fundi mwenye njaa hashiki spana.

Mtaani kila pikipiki imewaka na kupasua malimau yake mawili. Yangu, yenye migomba miwili kwenye usukani na shada la maua, imesukumwa na shemeji zangu. Limau la mbele halikupasuka. Limeviringika hadi mtaroni. Watu wamelitazama safari yote. Nimelitazama pia.

Baada ya chakula Thenmozhi alisinzia. Nikachukua mita na spana namba kumi kutoka kwa mungu mama. Najua. Niliomba radhi kwanza.

Nilifikiri kupima njia ya umeme badala ya betri. Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa injini, kidole kwenye kitufe. Inatakiwa isifike hata nusu volti. Imesoma 8.1. Volti nane zinapotelea kati ya waya mweusi wa hasi na fremu! Umbali wa kiganja!

Nikafungua boliti ya waya mweusi. Chini yake rangi ya fedha. Laini, nzito, koti mbili. Umeme haupiti kwenye rangi.

Nimekaa chini kidogo.

Nikaikwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikafunga, nikabonyeza. Starta imezunguka kama ya dukani. Nikazima haraka mtu asisikie.

Nimerudisha spana mahali pake. Lile doa jekundu limehamia kwenye kidole gumba changu.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango mzuri. Sadaiyan lazima asafishwe jina, lakini si lazima mimi nichafuke. Basi: nirudishe rangi chini ya boliti, nimpelekee mbele ya watu, aione mwenyewe, asifiwe. Wote tunatoka wasafi. Nimepaka alfajiri, nikaianika juani kwa saa tatu, nikafunga. Tik. Safi kabisa!

Nimeisukuma hadi gereji. Wa kibanda cha chai wamefuata na glasi zao. Sadaiyan kabonyeza mara moja. Hakuuliza kitu, hakuchukua mita. Kaenda moja kwa moja kwenye boliti. Dakika moja. Kaigusa rangi kwa kidole, na kidole kikatoka cha fedha. Haikuwa imekauka. Kakitazama kidole chake. Halafu kavitazama vyangu.

Muuza chai akauliza, haya fundi, tuambie, ulikuwa ugonjwa gani?

Sadaiyan kafuta kidole kwenye suruali. Kasema, boliti haikukazwa sawasawa, nilikuwa na haraka Jumatano, kosa langu.

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema ukweli. Nilihesabu hadi saba. Mtu mmoja akasema afadhali fundi anayekiri. Wote wananitazama. Nikafungua mdomo, nikasema, basi yaishe, nimekusamehe.

Nimekusamehe! Nimelisikia neno likinitoka kwa masikio yangu mwenyewe.

Kakataa malipo.

Nyumbani Thenmozhi kauliza kwa nini spana namba kumi haina doa. Nikaomba maji ya kunywa. Hakuuliza tena. Ndiyo mbaya zaidi.

Jumatano, 9 Oktoba

Gereji pikipiki moja. Yake.

Nimekwenda kibanda cha chai kusema ukweli. Wapo wote. Nikasimama, nikakohoa, wakanyamaza. Nikaagiza chai, sukari kidogo.

Lakini mimi ni mtu wa kazi, si wa hotuba. Radhi yangu itakuwa kazi. Mchana Sadaiyan alikwenda kuwaona wakwe zake kwa basi. Pikipiki yake iko nyuma ya gereji, kuukuu kuliko yangu, kutu mpaka inatia huruma. Nami nina nusu kopo.

Saa tatu nzima nimeinama. Sikulipua. Nimefungua kila waya, nimepaka hadi chini kabisa, nimekaza kila boliti mara mbili. Koti mbili kila mahali. Penye betri, kwa heshima yake, tatu. Sikuandika jina. Kopo limekwisha, na moyo umekuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Jioni hii tunakula. Sadaiyan karudi, na kutoka gereji, nyumba ya tatu, nasikia: tik. Kimya. Tik. Nimehesabu kumi na nne.

Nimemwambia Thenmozhi, unaona, fundi mzima na yake mwenyewe haiwaki, halafu mnanilaumu mimi. Thenmozhi kaacha kula. Kaitazama mikono yangu. Ya fedha, hadi kwenye viwiko.

Betri, nikamwambia. Hiyo lazima ni betri.