Kigae Nilichokizika Stesheni

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi kwa jina la mama yako: funga mdomo. Usimsomee mkeo, usimsomee kinyozi, na hasa usimsomee mtu yeyote wa upande wa treni. Neno moja tu la humu likivuja, nimefukuzwa kazi.

Jumatatu, 3 Februari

Msiba. Mhandisi Iaccarino, mkuu wa stesheni, ametutangazia kwamba itachimbwa njia ya kuunganisha metro ya chini ya ardhi na treni za vitongojini, ili abiria wasipande juu kulowa mvua kisha washuke tena. Wote walipiga makofi. Nami nilipiga, kwa woga. Njia itapita katikati ya chumba changu.

Chumba changu! Hakina dirisha. Kina hita, kiti, na mlango unaofungwa kwa ndani. Humo najibu malalamiko ya abiria wa metro kwa barua, kwa adabu kubwa, bila kumwona mlalamikaji hata mmoja. Sasa Mhandisi anasema nitahamia dirisha la mbele, wanilalamikie usoni. Watu wa Napoli. Usoni.

Ettore Capuozzo, karani wa upande wa treni, alinipiga begani akaniuliza kama nimeshaandika wosia.

Jumanne, 4 Februari

Sijalala. Lakini nimepata dawa. Katika mji huu huwezi kupanda hata kitunguu bila kugonga Mrumi wa kale. Handaki gani la metro halijawahi kusimamishwa na mtungi wao? Basi kinachotakiwa ni mtungi. Au kipande chake tu. Mimi si mtu wa tamaa.

Jioni nimekwenda kumsalimu bibi yangu, Nunziata. Ana chungu cha maharage chenye ufa tangu zamani. Ufa ulizidi nilipokiangusha. Alisema nina mikono ya marehemu babu yangu, na kwamba hakuwa akimsifu. Nikaokota vipande, nikamwambia naenda kuvitupa. Nyumbani nikasugua kimoja kwa msasa, nikakichemsha kwenye machicha ya kahawa. Kikazeeka vizuri sana. Nilikaribia kukiamkia.

Alhamisi, 6 Februari

Mafundi wameng'oa sakafu mbele ya mlango wangu. Walipopanda juu kula, nilitoka na kigae ndani ya soksi, nikakizika, nikawa nashindilia udongo kwa miguu. Ettore akatokea. Akauliza ni ngoma gani hiyo. Nikasema miguu imekufa ganzi. Akautazama mguu wangu usio na soksi. Nikasema ndio huo hasa.

Mafundi waliporudi, mmoja akakiona. Kazi ikasimama papo hapo. Mhandisi alishika kichwa. Nami nikashika changu, tufanane.

Nimejizawadia keki mbili za sfogliatella, za moto. Nimezila nikiwa nimefunga mlango, hita imewaka. Raha.

Ijumaa, 7 Februari

Amekuja mtaalamu wa mambo ya kale, Daktari Ornella Vitagliano, mama mfupi mwenye buti za matope na sauti ya chini. Alikigeuza kigae. Akakinusa. Kisha akakilamba, mbele ya watu. Akatupitia sote kwa macho, mmoja mmoja.

"Hiki kimepikiwa maharage," alisema.

Ettore alianza kucheka. Mimi, kwa sauti nisiyojua ilikotoka, nilisema labda Warumi nao walipenda maharage.

"Walipenda, mwanangu. Ila kahawa ilikuwa haijawafikia."

Ettore akakaa chini kabisa kwa kicheko. Nikajua nimekwisha. Lakini yule mama hakuuliza zaidi. Alisema kwa kuwa amekwisha kulowa kuja huku, atachimba kidogo, asirudi mikono mitupu. Chini tu ya shimo langu mwiko wake wa kuchimbia ukagonga jiwe. Jiwe likawa mawe. Mawe yakawa ukuta, ukuta una rangi nyekundu, na juu ya rangi wamechorwa ndege wawili wanadonoa zabibu.

Ukuta ni wa kweli. Warumi wenyewe. Na umeelekea moja kwa moja chini ya kiti changu.

Jumatano, 12 Februari

Njia mpya imefutwa. Nimeshinda.

Kisha wakakivunja chumba changu, ukuta upate kuonekana. Nilisimama nikaitazama hita yangu ikibebwa na watu wawili, kama jeneza la mtu asiye na ndugu.

Ukuta utawekewa kioo, na mtu wa kuwaeleza abiria. Daktari Vitagliano amenipendekeza mimi. Nilimwuliza kwa unyonge: kwa nini mimi? Akanivuta pembeni.

"Mtu aliyekipenda chumba mpaka akakichemshia kigae, ataulinda ukuta," alisema. "Na ukikataa, namwambia Mhandisi."

Nimekubali kwa hiari yangu.

Jumatatu, 24 Februari

Siku ya kwanza. Darasa zima la watoto, na vikongwe kadhaa nyuma yao. Wote wana nyuso, na nyuso zote zinanitazama. Mtoto mmoja aliuliza kama na mimi nilifukuliwa humo humo.

Nikatoa hila ya dharura. Kwa sauti ya kaburini niliwaambia kwamba ndege wale wana kijicho, na anayewakodolea macho hupatwa na balaa. Vikongwe waligusa vyuma mifukoni kujikinga na balaa, wakaondoka mbio. Amani. Wiki haitaisha kabla ukuta huu haujasahaulika, nami nitarudishiwa barua zangu.

Jumanne, 25 Februari

Foleni imepanda ngazi mpaka barabarani. Wale vikongwe wamerudi na mitaa yao yote. Kila mtu ana pembe nyekundu ya kuzuia kijicho, anataka kuigusisha kwenye kioo ipate makali. Ettore anaziuza pembe hizo upande wa treni. Mama mmoja alinionyesha picha ya mkwewe, akaniomba nimwelekezee ndege wa kushoto. Mhandisi amefurahi mno. Amenipa kipaza sauti.

Kosa nimeliona, na ni dogo. Watu wa mji huu hupenda kutishwa. Kesho nitawatangazia kinyume chake: ndege wale ni wema, wanaleta waume, watoto na kazi za serikali. Nani atasumbuka kushuka ngazi zote hizo kwa habari njema? Ikifika adhuhuri sitamwona mtu tena.

Nawe uliyeliokota daftari, ukinihitaji, usije kwenye kioo. Shuka hadi jukwaa la treni za vitongojini, nenda mwisho kabisa, penye taa iliyoungua. Hapo kuna kabati la mifagio, ofisi yangu mpya. Gonga polepole. Ukiulizwa shida yako, usiseme. Iandike, uipitishe chini ya mlango, uende zako. Utajibiwa kwa adabu kubwa.