Maswali Arobaini kwa Mpangaji wa Chumba Namba Tatu

Jumamosi, 1 Machi

Nimetoka semina ya wenye nyumba. Siku nzima kwenye kiti cha plastiki. Mkufunzi alisema kuna mambo makubwa matatu. La kwanza, kuchagua mpangaji kwa makini. La pili, mkataba wa maandishi. La tatu silijui, nilikuwa nimesinzia. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye nyumba yake ina marumaru mpaka kwenye ngazi na mtaa mzima unamwita Bwana Marumaru, aliandika kila neno, tena kwa kalamu za rangi mbili. Kujipendekeza tu. Nilipomuuliza la tatu ni lipi, akatabasamu na kufunga daftari.

Mimi nina vyumba sita, alivyoniachia marehemu baba. Vitano vina watu. Namba tatu kitupu, mwezi wa tatu sasa. Aliyekuwemo alihama akidai dari inavuja juu ya kitanda. Mke wangu anasema niite fundi wa bati. Nimemweleza kwamba tatizo si bati, tatizo ni aina ya wapangaji. Mtu makini angesogeza kitanda.

Jumapili, 2 Machi

Nimetunga fomu. Maswali arobaini! Kazi, tabia, saa ya kulala, idadi ya masufuria, kama anakoroma, kama ana ndugu wanaokoroma na wanaopenda kutembelea. La thelathini na moja ndilo ninalojivunia: "Ukilala chali, huwa unatazama juu?" Atakayejibu ndiyo, chumba hapati.

Mke wangu kaisoma, kaniuliza kama natafuta mpangaji au mchumba. Yeye hakwenda semina.

Jumatatu, 3 Machi

Waombaji watatu. Dereva wa lori alifika swali la tisa, akasema hata mpakani hajawahi kuulizwa hivyo. Msusi alijaza yote, kisha akaniomba na mimi nijaze, maana naye angependa kumjua mtu atakayeishi naye ua mmoja. Nilifika la kumi na mbili nikaona huu ni udhalilishaji. Fundi saa hakugusa kalamu. Alisimama katikati ya chumba, akainua uso. Nikamfuta palepale.

Wote watatu nimewaona kwa macho yangu wakivuka barabara kwenda kwa Bwana Marumaru.

Jioni akaja nesi wa chumba namba nne. Huyu nesi ni lulu. Miaka sita hajawahi kunigombeza, na ua anaufagia bila kuombwa. Alisema kwa upole kwamba unyevu wa namba tatu sasa umeingia kwenye ukuta wake, kwamba Bwana Marumaru amemwahidi chumba, na kwamba atanisubiri hadi Jumapili. Machozi yalinilengalenga. Nimemwambia nalishughulikia. Kwa vipi, sikufafanua.

Jumanne, 4 Machi

Nimepaka rangi lile doa la dari. Nyeupe, iliyobaki kwenye kopo la zamani. Sasa dari ni ya kijivu na katikati kuna duara jeupe, kama mtu kabandika sahani. Nikaona nipake dari yote. Rangi ikaniishia nusu. Mke wangu alichungulia mlangoni, akasema hongera, awali tulikuwa na lalamiko moja, sasa yako mawili.

Saa nane mvua. Rangi ikaanza kudondoka, tone kwa tone, kwenye kichwa changu. Nesi akapita na mwavuli, akanipa shikamoo, asiulize kitu. Kule kutouliza kumeniuma kuliko matusi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda! Mke wangu kaniletea bahasha, anasema kuna mwombaji kaijaza fomu nyumbani kwake. Mwandiko wa duara, safi, hakuna mahali palipofutwa. Mjane, mstaafu, masufuria manne. Hakoromi. Swali la thelathini na moja: "Mimi hulala ubavu." Arobaini kwa arobaini!

Mkataba wa miaka miwili, uliokuwa humo kwenye bahasha, nikausaini nikiwa bado nimesimama. Chini kabisa mwombaji alikuwa ameongeza mstari wake: mwenye nyumba atatengeneza kila kibovu ndani ya siku tatu tangu mpangaji kuhamia. Sawa tu. Mtu mwenye mwandiko kama ule atakuta kibovu gani?

Mke wangu alikuwa anatabasamu peke yake jikoni. Nadhani ameanza kuuona uwezo wangu. Nilitoka nje nikampungia mkono Bwana Marumaru, mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Gari la mizigo limefika saa tatu asubuhi. Kitu cha kwanza kushushwa ni kiti cha mbao chenye mto mwekundu. Kile kiti nakijua. Nilikaa juu yake miaka kumi na minne iliyopita, nikitoka jasho, siku niliyokwenda kujitambulisha ukweni.

Mama mkwe!

Nilimvuta mke wangu pembeni, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mama yake amechoka kukaa peke yake, na fomu haikuuliza. Nimeirudia fomu mara tatu. Maswali arobaini, na kweli hakuna hata moja linalouliza mwombaji ni nani.

Mimi mbele ya mama mkwe huwa natazama vidole vyangu vya miguu. Nitamsomeaje kanuni za ua? Nitagongaje mlango wake? Nilipokwenda kumkaribisha, aliangalia dari kwa muda, akaniuliza taratibu, "Baba, hapo juu pana nini?"

Nikasema hapana kitu, mama.

"Haya, baba," akasema. "Siku tatu si nyingi."

Ijumaa, 7 Machi

Ningeweza kumwita fundi. Lakini Bwana Marumaru angemwona fundi, na angejua. Tena mikono ninayo. Saa nne nikaegemeza ngazi, nikavua viatu nisiteleze, nikapanda na nyundo, misumari mfukoni na kopo la lami.

Mtu juu ya paa anapaswa kukanyaga kwenye mstari wa misumari, palipo na mbao chini yake. Hili nimelijua baadaye. Mimi nilikanyaga katikati. Bati likaguna kama mzee anayeamshwa, likaachia. Mguu wa kulia ukazama wote, ukatoboa na dari. Suruali ikanasa juu, mguu ukaendelea na safari bila suruali. Kwa hiyo mimi nilikuwa juani, na mguu wangu, mtupu hadi pajani, ulikuwa unaning'inia juu ya kitanda cha mama mkwe.

Chini nikasikia sauti yake, tulivu kabisa: "Mkwe wangu, huo mguu unashuka au unapanda?"

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Soksi yako ina tundu."

Nesi aliitwa, akasimama juu ya stuli akaniosha mikwaruzo kwa chini. Bwana Marumaru alivuka na ngazi yake ndefu, akanivuta kwa juu. Walikuwa wanasalimiana kupitia tundu lile, kila mmoja na upande wake wa mwili wangu. Alipokwisha kunitoa akaniambia, bila hata kucheka, kwamba jambo la tatu lilikuwa kutengeneza mapema.

Angecheka ingekuwa afadhali.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi wa bati amekuja. Saa mbili tu, kamaliza. Mabati mawili mapya na ubao wa dari. Akasema ningemwita mwezi wa kwanza ingekuwa msumari mmoja. Nikamwambia hakuulizwa.

Mchana ikanyesha mvua kubwa. Tukasimama wote namba tatu tukitazama juu: mimi, mke wangu, nesi, mama mkwe. Hakuna tone. Nesi akasema basi, hahami. Nilitaka kumkumbatia, nikamwona mama mkwe, nikatazama vidole vyangu.

Mke wangu kaniuliza nimejifunza nini. Nimemwambia anipe siku moja nitafakari.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari tangu asubuhi, mguu juu ya mto.

Mlango wa bafu la uani umeanza kulegea. Ukiufungua unakwaruza sakafu, na jana ulibaki mkononi mwa nesi. Mke wangu anasema ni bawaba moja, na seremala yuko hapo kona, si mbali. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Halafu nimeukagua ule mlango mwenyewe, kwa makini, na nimegundua hauna kosa lolote. Kosa ni namna watu wanavyoufungua.

Kesho saa mbili asubuhi, mafunzo uani. Kuhudhuria ni lazima. Nimeshachora na mchoro.