Kilo Kumi na Moja za Uongo

Jumamosi, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Hapo ndipo nilianza kuumbuka, na sikumaliza hadi saa tano, kando ya Waiyaki Way, bila viatu, mbele ya watu wa bodaboda. Nawaambia nyinyi kwa sababu hapa sihitaji kumwangalia mtu machoni.

Ilikuwa hivi. Wiki jana upepo uling'oa paa la Kukhu, nyanya yangu wa Kakamega. Huko mvua inanyesha kila jioni. Kukhu amekuwa akilala kwa jirani, kwa kiti, kwa sababu anasema kitanda cha mtu ni siri yake. Sasa Baba ni fundi wa magari kwa gereji ya Mzee Gurdev, Parklands, na Mzee Gurdev ana karavani. Ni ile nyumba ndogo ya magurudumu mawili inayovutwa na gari. Ina kitanda, sinki na mapazia ya maua. Aliposikia habari za Kukhu alimwambia Baba aichukue pamoja na pikapu ya gereji, mama yake alale humo hadi paa lirudi. Alisema hivyo akiwa chini ya gari ya mteja. Hata hakutoka kusikiliza Baba akishukuru.

Alikuwa na sharti moja tu. Kwa mlango wa karavani kuna kibati kinachosema inaweza kubeba uzito gani, na ukitoa uzito wake yenyewe, zinabaki kilo mia moja na themanini za mizigo. Hakuna kuzidisha. Vitu vizito vikae chini, juu ya magurudumu, sio mkiani. Mkia ukilemewa, karavani itaanza kuendesha pikapu badala ya pikapu kuivuta.

"Hii mashine haijui nyinyi ni watu wazuri," alisema. "Inajua kilo tu."

Kisha akaniangalia mimi, kwa sababu nilikuwa nimenyamaza na nina kalamu mkononi. "Beti, wewe utapima."

(Funzo la kwanza: usinyamaze ukiwa na kalamu mkononi.)

Akanipa mizani ya bafuni ya mke wake, ile ya kupandia. Akanieleza kwamba gunia likiwekwa juu yake linaangukaanguka, kwa hivyo nijipime kwanza peke yangu, kisha nipande nimekumbatia mzigo, kisha nitoe uzito wangu. Hesabu ya darasa la tatu. Mimi niko kidato cha tatu. Nikasema sawa.

Shida yangu ina jina. Inaitwa Senge Rose, dada ya Baba. Kila likizo Senge ananipokea kwa kunishika mkono wa juu kwa vidole viwili, kama mtu anayenunua kuku, halafu anauliza watu wote kwa nyumba kama shule hiyo huwa inapika. Likizo hii nilichoka. Nilimwambia nimeongeza, niko kilo hamsini na tano. Alifurahi sana. Alipigia mtu simu.

Basi Jumamosi, saa moja na dakika arobaini, nikapanda mizani kabla watu hawajatoka nje. Arobaini na nne.

Nikashuka. Nikapanda tena polepole, labda ilishtuka. Arobaini na nne.

Na nikasikia viatu vya Senge vikija. Alikuja moja kwa moja akasimama nyuma ya bega langu, anaangalia daftari. Mimi nikaandika juu kabisa, kwa mwandiko mzuri: Mimi, 55.

Nilijua ni uongo mdogo. Sikujua utazaa watoto kumi na sita.

Kwa sababu mizigo ilikuwa kumi na sita. Unga, sukari, mchele, misumari ya paa, cherehani, blanketi za kanisa, sufuria, mtungi wa gesi. Kilichonishinda kubeba tulikigawa mara mbili. Kila mzigo Baba ananiwekea mikononi, Mama anasoma mizani, mimi natoa hamsini na tano. Nilishangaa kidogo vile kila kitu kilikuwa chepesi. Tulipofika kwa godoro, hesabu ilileta kilo mbili chini ya sufuri.

(Ndio. Godoro lilikuwa na uzito wa kuelea. Na bado sikusema kitu.)

Nikaandika sufuri. Niliwaza, si ni sponji.

Jumla ikawa mia moja sabini na moja. Baba alinisifu mbele ya watu, akasema huyu mtoto atakuwa injinia. Mzee Gurdev akasema atatufuata na gari yake hadi tutoke mjini, aone vile karavani inatembea. Sisi wanne tukabanana ndani ya pikapu.

Hadi Westlands tulikuwa tunaimba. Baada ya hapo Baba aliacha kuimba. Kisha akashika usukani kwa mikono miwili. Nikaangalia kioo cha pembeni, nikaona mapazia ya maua yakija upande wangu, halafu yakienda upande wa Mama, halafu yakirudi. Pua ya pikapu ilikuwa imeinama kama mbwa anayenusa njia. Nyuma yetu Mzee Gurdev alikuwa anapiga honi bila kupumzika. Baba hakufunga breki kwa nguvu. Alitoa mguu kwa mafuta pole pole, pole pole, hadi tukasimama kando ya barabara karibu na Kangemi, pale watu wa bodaboda wanangojea wateja. Mama alikuwa amenishika goti na hakujua.

Mzee Gurdev alizunguka karavani mara moja. Aligusa magurudumu, yalikuwa yamefura ubavuni. Akaomba daftari. Alisoma akifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, na kidole kikasimama kwa godoro.

"Beti," alisema kwa sauti ya chini. "Hili godoro halina uzito?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Leteni mizani," akasema.

Akaiweka kwa lami. Nikavua viatu, sijui kwa nini, labda nilifikiri kuvua kutanisaidia kuwa mkweli. Watu wa bodaboda walisogea. Nikapanda. Mzee hakusoma kwa sauti, namshukuru. Ni Senge ndiye aliyeinama akasoma.

"Arobaini na nne," alisema, akiniita kwa jina langu la nyumbani. "Nekesa. Arobaini na nne?"

Mmoja wa bodaboda akasema kwa upole kabisa, "Huyo mkiweka kwa hiyo nyumba haongezi kitu. Ongezeni tu mwingine."

Walicheka wote. Hata mama wa mahindi ya kuchoma. Mimi nilibaki juu ya mizani kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda.

Mzee Gurdev ndiye pekee ambaye hakucheka. Alipiga hesabu pembeni ya daftari langu: kilo kumi na moja, mara kumi na sita. Karibu kila mzigo ulikuwa umeibiwa uzito huo. Tulikuwa tumebeba karibu mara mbili ya sharti lake. Akamwonyesha Baba kwa kidole upande wa magharibi, mahali barabara inaenda kushuka mteremko wa Bonde la Ufa. Baba akakaa chini kwa ukingo wa barabara.

Nilianza kulia. Nikasema ni mimi, niliandika uongo, nilikuwa naona aibu.

Na hapo ndipo kitu kilitokea ambacho sikutarajia. Senge alikohoa. Akasema kusema ukweli, baada ya kupimwa, yeye aliingiza jiwe la kusagia, chini ya kitanda, huko mwisho kabisa, kwa sababu Kukhu alilipenda. Mama akasema yeye pia ana viazi kidogo. Kidogo ilikuwa magunia mawili. Mzee akamgeukia Baba, na Baba, fundi wa miaka kumi na tisa, akakubali kwamba alijaza tangi la maji la karavani hadi juu ili tunawe mikono njiani.

"Maji, Wafula," Mzee alisema. "Unapelekea Kakamega maji."

Hapo hata mimi nilicheka, na kamasi zangu zote.

Wale wa bodaboda walitusaidia kushusha na hawakutaka kitu. Maji tulimwaga, mizigo ikaingia gari ya Mzee, na tukarudi Parklands mwendo wa maandamano ya harusi. Mzee aliniweka kwa gari yake. Njiani aliniambia neno moja tu, kwamba watu wengi wangekubali kufa kuliko kupanda ile mizani, na mimi nilipanda. Nimelifikiria sana hilo neno. Jioni tulimpigia Kukhu kumwambia analala kwa kiti siku moja zaidi. Nilimweleza sababu mwenyewe. Akasema yeye aliomba mahali pa kulala tu, ni nani alituambia anafungua duka.

Leo Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoa mizani nje kabla ya mtu kuniambia. Nikawaita wote. Nikapanda wakiwa wanaangalia, nikaandika 44 kubwa juu ya ukurasa mpya, nikaanza upya. Godoro ni kilo tisa. Jiwe la kusagia limebaki gereji na Senge ameliaga kama mtu. Tulipofika mia moja na sitini Baba mwenyewe alifunga mlango.

Kisha Senge akaja na mayai manne ya kuchemsha. Alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, hadi la mwisho likaisha.

Tafadhali msicheke. Naandika nikiwa ndani ya pikapu, karavani imetulia nyuma yetu, na kwa ajili ya ukweli: sasa hivi niko arobaini na nne na mayai manne.